Madawati 480: uongeze mikono au uongeze siku?

Oda za madawati zina msimu wake. Shule zinafunguliwa Januari, na simu zinaanza kuita Novemba: mkuu wa shule, mfadhili, au mtu wa halmashauri mwenye LPO, yaani hati ya kuagizia bidhaa, mkononi. Wote wanauliza jambo moja, "Lini?" Mwenye karakana, kwa kuogopa oda isiende kwa jirani, anajibu "wiki nne" kabla hajakaa chini kuhesabu. Baada ya hapo ndipo anaanza kutafuta mafundi wa kuongeza, mashine ya kukodi na pesa za ovataimu.

Nimekuwa nikipanga kazi za namna hii kwa miaka kadhaa, na ninaamini kwa dhati kwamba karakana nyingi zinapoteza faida hapo hapo, kwenye lile jibu la kwanza. Kwa hiyo nimeweka njia pembeni ya njia, kwa oda moja, ili anayepanga aone anachonunua anaponunua siku. Bei ni za mfano. Weka za kwako, lakini fuata hesabu.

Karakana tunayoipima

Oda ni madawati 480: fremu ya bomba za mraba, mbao za paini juu, kwenye kiti na kwenye egemeo. Kazi inapita vituo vinne. Kuchomelea: jozi moja ya fundi na saidia fundi inatoa fremu 8 kwa siku, na jozi ziko mbili, kwa hiyo 16. Mbao: maseremala wawili wanakata, wanapiga randa na msasa, wanatoa seti 20 kwa siku. Rangi: fundi mmoja anamaliza fremu 24. Kuunganisha: vijana wawili wanafunga madawati 20.

Siku ya 1 bomba zinakatwa, siku ya 2 kuchomelea kunaanza. Fremu iliyochomelewa leo inapigwa rangi kesho, inalala ikauke, na keshokutwa inaunganishwa. Rangi kulala usiku mmoja hakuna anayeweza kukununulia. Hata ukiajiri mafundi rangi kumi, fremu haitakauka kwa kasi yao, na mvua za vuli zikishika ndiyo kabisa.

Sasa gawanya. Fremu 480 kwa 16 ni siku 30 za kuchomelea, kuanzia siku ya 2 hadi ya 31. Ongeza siku ya rangi na siku ya kuunganisha, dawati la mwisho linatoka siku ya 33. Mbao zingemalizika kwa siku 24, rangi kwa siku 20. Kituo kinachoamua tarehe ya kukabidhi ni kuchomelea peke yake.

Jambo hili linaonekana dogo kwenye karatasi, lakini uwanjani linapotea. Mwaka mmoja nilikuwa nimebanwa, nikaongeza maseremala wawili kwa sababu ndio waliopatikana siku ile. Kazi ilionekana inakwenda kwa kishindo, vumbi la mbao kila mahali. Wiki ya tatu nilikuwa na rundo la mbao zilizopigwa msasa vizuri, zimelala pembeni ya ukuta unaotoa unyevu, zinasubiri vyuma. Tulipozichukua, za chini zilikuwa zimepinda. Ukiweka moja juu ya fremu na kubonyeza kona, kona ya pili inainuka. Niliwalipa watu wa ziada, nikanunua mbao nyingine, na tarehe ya kukabidhi haikusogea hata siku moja.

Njia ya kwanza: kikosi kilekile, siku 33

Hii ndiyo njia ya kuanzia, na mara nyingi inadharauliwa bila sababu. Huongezi mtu wala mashine. Kuchomelea kunagharimu 90,000 kwa siku (fundi 30,000 na saidia fundi 15,000, mara jozi mbili), kwa siku 30 ni 2,700,000. Juu yake kuna gharama zinazokula kila siku, kazi iende isiende: kodi ya eneo, mlinzi, fomani. Tuseme 60,000 kwa siku. Kwa siku 33 ni 1,980,000.

Uzuri wake uko kwa watu wengine, wale ambao si wachomeleaji. Maseremala wanahitaji siku 24 tu ndani ya siku 33, maana yake wana siku za kupumulia. Wengi huwaanzisha siku ya kwanza pamoja na wote, kwa sababu inauma kuona seremala amekaa. Matokeo ni lile rundo la mbao ukutani: ikifika siku ya 24 seti zote 480 ziko tayari wakati fremu zilizochomelewa ni 368.

Waanzishe siku ya 9. Watamaliza siku ya 32. Vijana wa kuunganisha waanze siku ya 10, wamalize siku ya 33 sawasawa. Tarehe ya kukabidhi ni ileile, ila sasa una maseremala wawili huru kwa siku nane za mwanzo, wafanye milango au vitanda vya mteja mwingine. Tena pesa ya mbao unaitoa wiki moja na zaidi baadaye, jambo kubwa sana kama mteja analipa baada ya kupokea mzigo. Huku ndiko kusawazisha watu: unasogeza kazi zenye nafasi ndani ya nafasi yake, na mwisho wa mradi huugusi. Ni kweli, fremu zitalundikana zaidi ya mia kabla ya kuunganisha kuanza. Lakini fremu zilizopigwa rangi zinapandana vizuri, hazipindi.

Njia tatu za kufika siku 27

Mteja akisema siku 33 ni nyingi, kuna njia tatu za kuharakisha kuchomelea. Zote zinafika siku ya 27, na hazivuki hapo, kwa sababu vijana wa kuunganisha, kwa madawati 20 kwa siku kuanzia siku ya 4, wanamaliza siku ya 27. Ukishaongeza kasi kwenye vyuma, kituo kinachobana kinahama kinakwenda kwenye kuunganisha. Anayeahidi siku 23 kwa sababu tu ameongeza mchomeleaji hajaiona hiyo.

Njia moja ni jozi ya tatu na mashine ya kukodi. Fremu 24 kwa siku, siku 20. Malipo ya watu ni 135,000 mara 20, yaani 2,700,000 ileile! Kazi ni ileile, imegawanywa kwa watu wengi zaidi. Kinachoongezeka ni mashine, tuseme 15,000 kwa siku, 300,000.

Ya pili ni ovataimu ya saa mbili kwa jozi zako mbili. Saa mbili za jioni hazina kasi ya asubuhi, kwa hiyo hesabu fremu 4 za ziada kwa jozi zote mbili, jumla 20 kwa siku, siku 24. Kwa siku ya saa saba na nusu, saa moja ya jozi zote mbili ni 12,000. Kwa mara moja na nusu ni 18,000. Saa 48 za ovataimu ni 864,000. Ukijumlisha na siku 24 za kawaida, 3,024,000.

Ya tatu ni kumpa jirani fremu 120. Wewe unakata bomba, yeye anachomelea kwa 7,500 kwa fremu: 900,000. Kirikuu safari tano kwa 20,000: 100,000. Fremu zako 360 zinakula siku 22 na nusu, 2,025,000. Jumla 3,025,000.

| Njia | Siku | Kuchomelea | Gharama za kila siku | Jumla | Siku za kupumulia kwenye kuchomelea |
|---|---|---|---|---|---|
| Kikosi kilekile | 33 | 2,700,000 | 1,980,000 | 4,680,000 | 0 |
| Jozi ya tatu | 27 | 3,000,000 | 1,620,000 | 4,620,000 | 4 |
| Ovataimu | 27 | 3,024,000 | 1,620,000 | 4,644,000 | 0 |
| Fremu 120 kwa jirani | 27 | 3,025,000 | 1,620,000 | 4,645,000 | 1 |

Angalia safu ya jumla. Tofauti ya aliye juu kabisa na wa chini kabisa ni shilingi 60,000 kwenye kazi ya zaidi ya milioni nne na nusu. Siku sita ulizopunguza zimejilipia zenyewe kwa kodi na mlinzi. Kwa hiyo anayechagua kwa kutazama jumla peke yake anachagua kwa kubahatisha. Safu ya mwisho ndiyo ya kutazamwa kwa makini.

Jozi ya tatu

Kuchomelea kunamalizika siku ya 21, wakati kungeweza kusubiri hadi siku ya 25. Siku nne hizo ni akiba ya umeme kukatika, fundi kuumwa, bomba kuchelewa kutoka dukani. Ila akiba hiyo haiji kwa mkupuo. Inajengwa fremu 4 kila siku, tofauti ya 24 zinazotoka na 20 zinazofungwa. Umeme ukikatika siku ya 3 haijakusaidia kitu. Ukikatika siku ya 13, una zaidi ya fremu 40 pembeni, na vijana wa kuunganisha wanaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ugumu wa njia hii uko kwenye ukuta, pale umeme unapoingia. Karakana nyingi ndogo ziko kwenye umeme wa fezi moja, ule wa majumbani. Mashine mbili zinachomelea, randa inazunguka, mtu anawasha grenda. Ukiongeza mashine ya tatu taa zinafifia na swichi kuu inaanguka. Fundi mgeni anasubiri, fundi wako anasubiri, na seremala pia. Jozi tatu zinazochomelea kwa zamu ni jozi mbili zenye malipo ya tatu.

Jambo la pili ni kigezo, lile umbo la chuma lililochomelewa juu ya meza ambalo fundi anapanga vipande vya bomba ndani yake kabla ya kuvishika. Jozi mbili zina vigezo viwili. Jozi ya tatu ikianza bila cha kwake, fundi atapima kwa futi na jicho, na fundi mzuri atakupa fremu nzuri ambayo haifanani na zile nyingine kwa milimita tano. Milimita tano zinatosha dawati kucheza. Mtoto akiandika, linagonga sakafu. Tengeneza kigezo cha tatu siku ya kwanza, wakati bomba zinakatwa.

Na fundi mgeni usimtarajie atoe 8 siku ile ile anayofika. Akitoa 5 siku mbili tatu za kwanza, jumla bado ni 21, inawatosha waunganishaji. Lakini kumleta wiki ya tatu, baada ya kuona umechelewa, ni jambo jingine. Wakati huo fundi wako bora ndiye atakayeacha mashine kwenda kumwelekeza, na fremu zinapungua siku unayozihitaji kuliko zote.

Ovataimu

Uzuri wake ni kwamba watu ni walewale, mikono inayojua kigezo, na umeme wa jioni hauna randa inayoushindania. Kwa karakana ya fezi moja hii ndiyo njia ya kweli.

Lakini isome sheria kabla hujaisaini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, ovataimu isiyozidi saa 50 katika kila mzunguko wa wiki nne, malipo yake yasiyopungua mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa, na siku nzima, pamoja na ovataimu, isizidi saa 12. Ovataimu iwe kwa makubaliano. Mpango wetu una saa 48 ndani ya wiki nne kamili za siku sita za kazi. Zimebaki saa mbili. Ukichelewa siku mbili huna mahali pa kuzifidia kwa njia hiyo hiyo, umeshaigusa dari.

Na dari ya mwili iko chini zaidi. Chukua fremu iliyochomelewa saa kumi na mbili jioni wiki ya tatu, igonge kwenye kona kwa nyundo. Uchomeleaji unaonekana safi juu, umetiririka vizuri, lakini kona inaachia kwa sababu chuma kimebandika tu, hakijashika. Au bomba limetobolewa, fundi akaziba tundu kwa kujaza. Macho nayo: anayechungulia pembeni ya kioo cha kuchomelea kwa sababu mwanga umepungua, usiku hatalala, macho yanawasha kama yamejaa mchanga, na asubuhi hayupo kazini. Kwenye mpango huu asubuhi moja bila fundi ni siku iliyosogea, maana safu ya mwisho inasema sifuri, na waunganishaji nao hawana pa kupumulia.

Kama unakwenda kwa ovataimu, mwanga uwe wa kutosha, na mtu mmoja apite na nyundo kila jioni kabla fremu hazijaenda kwenye rangi. Kona iliyoachia ikigunduliwa baada ya rangi inakula kazi mara mbili.

Jirani

Hapa maneno ni machache. Mpe jirani unayemjua, na mpe kigezo chako, si mchoro. Mzigo wake wa kwanza lazima uingie mwanzoni kabisa, kwa sababu kuanzia siku ya 4 vijana wanafunga 20 na wewe unatoa 16. Sehemu ya malipo ibaki mpaka fremu zimepita nyundo. Ninaichagua njia hii nikiwa sina nafasi ya kuweka mashine ya tatu na mafundi wangu wameshachoka kutoka oda iliyopita.

Chini ya siku 27, na juu ya siku 33

Mteja akitaka siku 24, bei inabadilika sura. Jozi ya tatu inabaki, na juu yake waunganishaji wapande kutoka 20 hadi 23 kwa siku, maseremala hadi 21. Unalipia mahali pawili zaidi kwa ajili ya siku tatu. Fundi rangi, aliyekuwa ametulia, sasa yuko ukingoni mwa 24 zake. Ile akiba ya siku nne imebaki moja. Siku sita za mwanzo zilijilipia. Hizi tatu zinadai pesa kila moja, na mteja ndiye azilipie, kwa bei iliyoandikwa.

Mwaka 1957, Morgan Walker wa kampuni ya DuPont na James Kelley wa Remington Rand walipokuwa wakitafuta namna ya kupanga ujenzi na matengenezo ya viwanda huko Marekani, walikuwa wanahangaika na hili hili: ni kazi ipi ukiilipia ndiyo inayopunguza siku, na kila siku inayopungua inagharimu kiasi gani. Walitumia kompyuta. Kwa madawati inatosha karatasi moja yenye mistari minne, mradi isichorwe baada ya kuahidi.

Upande wa pili kuna anayesema, "Nitatumia jozi moja tu, polepole, nibane matumizi." Malipo ya kuchomelea ni 2,700,000 ileile, lakini kazi inaisha siku ya 63 na gharama za kila siku zinafika 3,780,000. Jumla 6,480,000. Polepole ni ghali kama oda hii ndiyo pekee uwanjani. Ikiwa jozi ya pili ina kazi nyingine ya maana, na kodi na mlinzi vinagawanywa kwa oda mbili, hapo hesabu inaweza kukubali.

Mimi ningechaguaje

Kama nina milango na vitanda vinavyosubiri maseremala, na mteja hana haraka ya kweli, nabaki siku 33 na nawasogeza maseremala mbele. Jedwali halionyeshi hili: kwenye mpango wa siku 27 maseremala wana siku mbili tu za kupumulia, kwa hiyo vile vitanda havitengenezwi. Tofauti ya 60,000 kati ya 4,680,000 na 4,620,000 ni ndogo kuliko faida ya vitanda vichache.

Kama mteja analipa baada ya kupokea na mtaji ni mdogo, siku sita za kulipwa mapema zina uzito, na nakwenda siku 27. Hivyo hivyo kama mkataba una faini ya kuchelewa, lakini hapo sichagui njia yenye sifuri kwenye safu ya mwisho. Nachukua jozi ya tatu, na kwenye barua ya bei naandika tarehe mbili na bei mbili ili mteja achague mwenyewe.

Kabla ya kuituma barua hiyo naazima mashine ya tatu kwa nusu saa. Nazichomelesha zote tatu kwa pamoja, randa ikizunguka na grenda ikikata bomba, nasimama karibu na swichi kuu kwa dakika kumi. Ikianguka, mashine inarudi kwa mwenyewe, na jioni hiyo hiyo nakaa na mafundi wangu wawili na wasaidizi wao kuulizana kama wanazitaka zile saa mbili.